Mada ya grafiki kwa kompyuta isiyo na nguvu

Mdogo wangu, umeeleza kuwa upo mwaka wa mwisho hapa Dodoma, kompyuta mpakato yako haina kadi ya grafiki, na kwa mradi wako wa mwisho unasita kati ya mchezo wa pande tatu na ufuatiliaji wa miale ya mwanga (kompyuta kukokotoa njia ya kila mwale ili kupata picha). Mchezo ningeuacha, kwa kuwa muda wako mwingi utaishia kwenye kuchora wahusika, na msimamizi atakuuliza umetatua tatizo gani. Miale inawezekana, ila utangoja sana.

Ningekushauri uchore ardhi ya Dodoma kwa data za mwinuko wa ardhi za SRTM (Shuttle Radar Topography Mission), zilizopimwa kwa rada kutoka angani mwaka 2000 na kutolewa bure. Faili moja la eneo la nyuzi 1 ya latitudo kwa 1 ya longitudo, katika toleo lenye undani zaidi, lina nukta 3601 kwa 3601; ukiziunganisha ili kuchora uso wa ardhi unapata pembetatu karibu milioni 26, mzigo utakaoilemea kompyuta yako. Na hapo hasa ndipo penye utafiti: upunguze pembetatu kwenye tambarare za mbali, uziache nyingi kwenye vilima kama Mlimwa, kisha upime idadi ya picha kwa sekunde kabla na baada. Michoro ya kale iliyo kwenye miamba ya Kondoa nayo inavutia (mimi mwenyewe ningeitamani), lakini ukiichagua, shughulikia kibali cha kupiga picha kabla ya kuwasilisha pendekezo.