Pumu, mkamba na nimonia: si kitu kimoja

Hapana ndugu, si kitu kimoja, ingawa nyumbani vyote tunaviita "kifua". Umesema mtoto wa dada yako kaandikiwa "nimonia" huku bibi akishikilia kuwa ni pumu. Pumu ni mirija ya hewa kubana: inakuja na kuondoka, na mtoto anapotoa pumzi unasikia kama filimbi nyembamba. Mkamba ni mirija hiyohiyo kuvimba, kikohozi kizito chenye makohozi. Nimonia iko chini zaidi, kwenye mapafu yenyewe, ndiyo maana wengine husema homa ya mapafu. Wazee huiita kichomi, lakini hapo pana mtego: kichomi ni yale maumivu ya kuchoma ubavuni ukivuta pumzi, yaani dalili, na mtoto mdogo hawezi kukueleza.

Kwa mtoto usingoje maelezo. Mvue shati akiwa ametulia, hesabu pumzi dakika nzima. Wa miezi 2 hadi 11 akifika 50, au wa mwaka 1 hadi 5 akifika 40, anapumua haraka mno, mpeleke kituoni. Sehemu ya chini ya kifua ikibonyea ndani kila anapovuta hewa, au akishindwa kunyonya, nenda sasa hivi.

Kifaduro ni kingine kabisa: anakohoa mfululizo mpaka anaishiwa pumzi, kisha anavuta hewa kwa mlio, mara nyingi na kutapika. Angalia kadi yake ya chanjo.