Tatizo ni kukaza kila siku

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini unaendesha baiskeli kwa nguvu zote siku sita kwa wiki, na bado kasi haipandi. Naona tatizo ni hizo nguvu zote. Tunachokiona kwenye televisheni ni siku ya mtihani. Septemba 2025 kule Kigali, mbio za baiskeli za ubingwa wa dunia za wanaume zilikuwa kilomita 267.5 za vilima. Mshindi, Tadej Pogačar wa Slovenia, alianza kushambulia zikiwa zimebaki zaidi ya kilomita 100, na wengi walioanza hawakumaliza. Lakini saa nyingi za mazoezi ya watu hao hao ni za mwendo wa taratibu, ule unaokuruhusu kuongea sentensi nzima bila kuhema. Huo ndio unaojenga moyo na mishipa midogo ya damu kwenye misuli.

Kaza siku mbili tu, hasa kwenye mlima. Nyingine nenda taratibu, na siku moja usiguse baiskeli kabisa. Hata Tour de France, mbio kubwa za baiskeli za Ufaransa zenye hatua 21 (kila hatua siku moja), ina siku mbili za mapumziko.

Halafu kula njiani, tafadhali! Safari ikizidi dakika 90 usibebe maji matupu. Chukua ndizi mbivu, tende, au maji yenye sukari na chumvi kidogo, ukilenga kama gramu 60 za wanga kwa saa. Ndizi moja ya wastani ina 25 hivi. Anza mapema, kwa sababu nguvu zikishakatika, miguu hairudi haraka.