Kiunganishi hakiungi kisichounganika: maswali na majibu

Maswali ya safari hii yametoka kwa watu mbalimbali, ila karibu yote yanagusa yale maneno madogo tunayofungia wazo hili na lile. Nimeyafupisha, maana nimeiacha ilivyo.

Mwalimu anasema insha zangu hazina viunganishi vizito. Nimekariri "fauka ya hayo", "isitoshe", "aghalabu", "minghairi ya" na "mintarafu ya", lakini alama hazipandi. (Mwanafunzi wa kidato cha nne, Kakamega)

Mwanangu, nimesoma aya uliyonitumia: "Dawa za kulevya zina madhara mengi. Fauka ya hayo, vijana huzitumia shuleni. Isitoshe, serikali inapaswa kuchukua hatua." Kila neno hapo lipo kwenye kamusi, ila aya haisimami. Fauka ni neno la Kiarabu, maana yake juu ya. Ukisema "fauka ya hayo" unamwahidi msomaji kwamba unapandisha mzigo mwingine juu ya ule wa kwanza, yaani dhara jingine. Wewe hukuleta dhara, umeeleza mahali dawa zinapotumiwa. Sentensi ya tatu nayo haiongezi kitu. Ni matokeo ya yale mawili, na matokeo yana maneno yake: "Dawa za kulevya zina madhara mengi, na la kutisha ni kwamba zimeshaingia shuleni. Kwa hiyo serikali inapaswa kuchukua hatua." Viunganishi ni vyepesi, lakini sasa mtahini anakufuata.

Katika yale matano uliyokariri, matatu yanakudanganya kabisa. "Aghalabu" ni mara nyingi tu, haiungi sentensi na sentensi. "Mintarafu ya" ni kuhusu. "Minghairi ya" ni bila. Na "isitoshe" ukiipasua utaona ni kitenzi kizima: i-si-toshe, yaani kana kwamba hayo hayakutosha. Ndugu zake ni "ijapokuwa", "ingawa", "ikiwa" na "isipokuwa". Hayo yote ni vitenzi vilivyokaa mahali pamoja mpaka vikageuka viunganishi. Ukishajua kilichomo ndani ya neno, hutalitupa popote. Kabla ya kuliandika jiulize: hapa naongeza, napinga, natoa sababu, au natoa matokeo? Ukikosa jibu, weka nukta uendelee.

Niliandika kwenye muhtasari: "Aidha, wajumbe waliazimia kununua jenereta." Mkuu wangu akauliza, "Aidha jenereta au nini?" Nani kakosea? (Karani, Dodoma)

Hukukosea. Aidha ni pia, vilevile, na asili yake ni Kiarabu, ambako maana yake ni hiyo hiyo. Mkuu wako ameisikia kwa sikio la Kiingereza, kwa kuwa neno lao la kuchagulisha kati ya viwili, "either", linatamkwa karibu hivyo hivyo. Siku hizi utasikia redioni "aidha leo au kesho", na pande zote mbili za mpaka wa Namanga watu wanaitikia tu. Mimi siitumii hivyo. Kuchagua kuna "ama... ama" na "au... au", nazo hazijachoka: "Ama uje leo, ama usije kabisa."

Ila na wewe nikuguse kidogo. Muhtasari wako wa kurasa mbili una "aidha" kumi na moja. Huo ni ugonjwa wa taarifa kwa umma, ambazo kila aya hufunguliwa kwa "Aidha" kama kubisha hodi. Bungeni angalau wana kisingizio. "Mheshimiwa Spika" inayofungua kila aya ya hotuba ya bajeti ni heshima, na hapo hapo ni alama kwamba tunahamia jambo jingine. Kwenye muhtasari wa kikao namba za ajenda zinatosha.

Hadithi zangu zimejaa "halafu". Nikiiondoa naona matukio yametawanyika. (Dada wa Tanga anayeandikia watoto)

Dada yangu, swali lako ndilo lililonifurahisha kuliko yote, kwa sababu dawa unayo mdomoni na hujaitazama. Umeandika: "Mwajuma aliamka. Halafu alichukua ndoo. Halafu alikwenda kisimani. Halafu alimwona nyoka." Bibi yako angesema hivi: "Mwajuma aliamka, akachukua ndoo, akaenda kisimani. Alipoinama ateke maji, kumbe nyoka yuko kando."

Hiyo -ka- ndiyo halafu yetu, imo ndani ya kitenzi. Kitenzi cha kwanza kinaweka wakati, aliamka. Vinavyofuata vinashika mkia wa mwenzao mmoja baada ya mwingine. Ukirudia -li- kila mara unalianzisha simulizi upya kila sentensi, na ndiyo maana unalazimika kuchomeka "halafu" ya kulishikiza. Ukikataa jambo, -ka- inampisha mwenzake: "Akaita, asijibiwe. Akangoja, asione mtu." Vitenzi vifupi usivirefushe: ni akala, akanywa, akafa, si "akakula".

Kisha kuna -po- na -ki-. "Alipofika" huweka tukio moja kuwa mlango wa jingine. "Nilimkuta akilia" huyaweka mawili sambamba. Tazama methali zetu: "Usipoziba ufa, utajenga ukuta." Mawazo mawili, sharti na adhabu yake, na kiunganishi cha pekee hakimo hata kimoja. Kazi yote imefanywa na -sipo-.

Sisemi uzifute "halafu" zote. Bakisha moja au mbili pale pana mwanya wa kweli, msomaji anapohitaji kupumua. "Mara" iweke kwa ajili ya jambo la ghafla: "Mara mlango ukafunguka." "Basi" ni ya msimulizi anayerudi kwenye njia baada ya kuzunguka. Na "kumbe" itumie kwa uchoyo. Ni neno linalogeuza yote msomaji aliyodhani, na hadithi ya kurasa nne haina mageuzi sita.

"Licha ya" inaongeza au inapinga? (Mwandishi wa habari, Mombasa)

Yote mawili, na hapo ndipo penye balaa. Maana ya zamani ni mbali na: "Licha ya kuimba, anapiga pia gambusi." Vyombo vya habari vimeizoesha kuwa ya kupinga: "Licha ya mvua, mechi iliendelea." Siwezi kuifuta maana hii ya pili, imeshaota mizizi. Lakini soma hii: "Licha ya kuwa mwalimu, anauza mitumba." Anasifiwa kwa bidii au anasikitikiwa? Hatujui. Panapoweza kuleta utata, andika "mbali na" kwa kuongeza, na "ingawa" kwa kupinga. Wala usikimbilie "pamoja na", nayo ina sura mbili vilevile.

Na ukishaanza na "ingawa", hiyo "lakini" ya katikati si ya lazima. "Ingawa alichelewa, alifaulu" imekamilika. Kwenye mazungumzo tunaweka zote mbili na hakuna anayekufa, ila kwenye gazeti nafasi ni pesa.

Lakini, bali, ila: kuna tofauti? (Msomaji, Bujumbura)

Ipo. "Bali" hutaka kikanusho mbele yake, kisha husahihisha: "Si mvivu, bali ni mgonjwa." Ukiandika "Ni mgonjwa bali anafanya kazi" umelipa neno kazi ya mwenzake, hapo ni "lakini". "Ila" hutoa kitu kwenye kundi, "wote wamekuja ila Juma", japo Pwani tunaitumia pia kupinga, na mimi nimeshaitumia hivyo humu zaidi ya mara moja. Kwa raha tu: maneno haya ya kupinga yana pacha kwenye majina ya kasoro. Asiye na dosari "hana ila", na gari la kutilia shaka "lina walakini".

Msimamizi wangu ameandika pembeni mwa tasnifu: "Hakuna mtiririko." Nimeongeza "hata hivyo" kila aya, bado. (Mwanafunzi wa uzamili, Zanzibar)

Zitoe hizo "hata hivyo". Mara nyingi kinachoshikamanisha maandishi ya kitaaluma ni kile kionyeshi chenye o ya kurejelea: hiyo, huo, hicho, huko. Unaandika juu ya mwani, basi tuchukue mwani: "Kilimo cha mwani kilianza Zanzibar mwishoni mwa miaka ya 1980. Walio wengi katika kilimo hicho ni wanawake. Kazi yao hufuata kupwa kwa maji, na ratiba hiyo ndiyo inayoamua saa zao za nyumbani." Kila sentensi imeshika kitu kilichotajwa kwenye iliyotangulia, na hujaona "aidha" wala "vilevile". "Hata hivyo" iongoje pale utakaposema kwamba bahari inapopata joto mwani huugua, kipato kikayumba. Pale pana kona, na kona ndiyo inayohitaji kibao cha barabarani.

Ni "kwasababu" au "kwa sababu"? Na "kwa hiyo" au "kwa hivyo"? (Wengi)

"Kwa sababu", maneno mawili, hata simu yako ikikubali moja. Nayo "kwa hiyo" imezoeleka zaidi Tanzania, "kwa hivyo" Kenya. Zote ni sawa, chagua moja uende nayo hadi ukurasa wa mwisho. "Vilevile" ni neno moja, "hata hivyo" ni mawili.