Maswali Yenu: Mkojo, Chupa na Ubongo wa Mtoto

*Nina mimba ya miezi 6 na mkojo wanichoma. Nakunywa maji ya shayiri, na nimenunua vidonge vinne kwa kemisti. Vyatosha? – Kisauni*

Havitoshi, na swali hili nalipokea kila mwezi! Shayiri haiui vijidudu. Vidonge vinne huweza kuondoa mchomo, vijidudu vikabaki na pengine vikawa sugu. Nenda kliniki upimwe mkojo, umalize dozi. Kuna antibiotiki zisizomfaa mjamzito, mfano doksisaiklini. Je, aliyekuuzia alikuuliza una mimba? Na nyinyi msiochomwa, msingoje mwezi wa saba kuanza kliniki. Anzeni kabla ya wiki ya 12. Vijidudu vya mkojo vyaweza kukaa kimya hadi vifike kwenye figo.

*Kujiosha ndani kwa shabu kwafaa? – Majengo*

La. Uke hujisafisha wenyewe.

*Mwanangu alizaliwa wiki ya 29. Daktari asema chupa (mfuko wa maji anamokaa mtoto tumboni) ilikuwa na maambukizi na ubongo umedhurika. Mama mkwe asema ni jini. – Likoni*

Pole sana, mwanangu. Si jini, wala si kosa lako. Vijidudu hupanda kutoka ukeni hadi kwenye chupa. Si lazima vifike kichwani: mwili unapopigana navyo, kemikali za vita hivyo huingia katika damu ya mtoto. Kabla ya wiki ya 32, seli zinazotengeneza utando wa neva, ule ulio kama mpira wa waya wa stima, bado changa na hufa upesi. Neva za miguu hupita kwenye sehemu hiyo hiyo ya ubongo inayodhurika, ndiyo maana miguu hutangulia kukaza. Ukimbadilisha nepi miguu ikapishana kama mkasi, mpeleke kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo wiki hiyo hiyo. Usikubali kuambiwa "atachangamka tu". Wengine hukua salama, lakini wote wafuatiliwe, na miezi yao ihesabiwe tangu siku waliyotarajiwa kuzaliwa.

*Maji yametoka, mimba ina wiki 30, uchungu sina. Ningoje kesho? – Mtongwe*

Usingoje hata feri ya pili. Nilimpokea bi mmoja leso imelowa tangu juzi, maji yashaanza kunuka, mwili wawaka moto. Alikuwa akingoja uchungu. Ukiwahi, utapewa antibiotiki na deksamethasoni ya kukomaza mapafu ya mtoto. Uzazi ukikaribia kabla ya wiki ya 32, huongezwa salfeti ya magnesiamu kuulinda ubongo wake. Sindano hizo hupigwa mama, mtoto angali tumboni.