随遇而安: methali zetu zinazotupoteza

Anayejifunza Kichina akikutana na 随遇而安 (suí yù ér ān), mara nyingi huikimbilia "Ukenda kwa wenye chongo, nawe vunja lako jicho." Hapo ndipo anapopotea. Methali hiyo inahusu kufuata desturi za wenyeji, na Wachina wana msemo mwingine kabisa wa jambo hilo: 入乡随俗 (rù xiāng suí sú). 随遇而安 haikutaki ufanye kama wengine. Inazungumzia moyo unaotulia popote ulipofikia.

Tazama herufi zenyewe. 随 ni kufuata, 遇 ni yanayokukuta, 而 ni kiungo tu, 安 ni utulivu. Yanayokukuta ni mema na mabaya, ingawa wengi huyasahau hayo mema. Zhu Xi, mwanazuoni wa karne ya 12, aliutumia msemo huu akifafanua maneno ya Mencius, mwanafalsafa wa kale wa China, kuhusu Shun, mfalme wa masimulizi ya kale. Alipokuwa fukara, Shun alikula nafaka kavu na majani ya porini kana kwamba ndiyo riziki yake ya maisha. Alipotawala, alivaa mavazi ya fahari na kupiga ala yake ya nyuzi kana kwamba alizaliwa navyo. Ufukara haukumtia tamaa, wala ukwasi haukumlevya.

Kosa linalorudiwa sana ni kuupa msemo huu shamirisho. 随遇而安新工作, kwa kutaka kusema "kutulia kwenye kazi mpya", si Kichina. Tanguliza mahali au hali, msemo uje mwisho: 她到哪儿都能随遇而安, "popote aendapo, hutulia". Ukitaka uwe sifa ya mtu, unga kwa 的: 他是个随遇而安的人, "yeye ni mtu anayetulia popote". Toni ni ya pili, ya nne, ya pili, ya kwanza. Ukiandika pinyin (Kichina kwa herufi za Kilatini) kwa kuunganisha, usiache vile vikato viwili, suíyù'ér'ān, maana ndivyo vinavyotenga silabi.

Usimpe msemo huu aliyefukuzwa kazi jana. Masikioni mwake utakuwa "zoea tu". Tumia kumsifu mtu, au kujisemea mwenyewe. Asiye na msimamo ni 随波逐流, yule bendera hufuata upepo, na hiyo ni lawama. Penye kinaa, mtu kuridhika na alichonacho, weka 知足常乐. Tofauti yake na 随遇而安 ni nyembamba: 知足常乐 hutazama ulichonacho, 随遇而安 hutazama ulipo.

Mwenyeji akikuuliza utalala chumbani au sebuleni, 我随遇而安 ni jibu zuri, lenye utani kidogo. Akiuliza utakula nini, usipandishe lugha bure: 随便, "chochote tu", inatosha, ingawa mpishi angependa utaje chakula.