Kabla ya Kwenda Kituo cha Michezo, Uliza Vipimo

Ukipiga simu kituo cha michezo hapa Malindi ukauliza kama mtu wa kiti cha magurudumu anaweza kuingia, utajibiwa ndiyo. Watu wetu ni wakarimu, kumwambia mgeni hapana huwawia vigumu. Lakini mara nyingi maana ya ndiyo hiyo ni: "Njoo tu, mamangu, vijana wapo, watakubeba."

Mimi natumia kiti na nacheza tenisi ya meza. Kubebwa sikutaki. Mwanamke amejistiri na buibui lake, kisha anyanyuliwe na wanaume asiowajua mbele ya kadamnasi, huyu kashika mguu, yule kashika kwapa! Stara yake iko wapi hapo? Na vijana hao wakiwa wameenda kuswali, atamngoja nani pale mlangoni?

Kwa hivyo uliza mambo yanayojibiwa kwa futi kamba. Mlangoni pana ngazi ngapi? Mlango una upana gani? Chini ya sentimita 80 viti vingine hukwama. 90 ndiyo raha. Kama unakwenda na kiti cha mpira wa kikapu, ambacho magurudumu yake yamelala na kutanuka kwa chini, pima kiti chenyewe kabla hujaondoka nyumbani. Na mchezaji wa tenisi ya meza aulize miguu ya meza imekaa wapi: inatakiwa iingie ndani angalau sentimita 40 kutoka ukingo anaochezea, magoti yapate pa kukaa.

Wakikwambia wana mteremko, uliza urefu wake. Hesabu ni nyepesi: kila sentimita moja ya kupanda inataka sentimita 12 za kwenda mbele. Ngazi mbili za sentimita 15 kila moja ni kimo cha 30, basi mteremko uwe mita 3 na sentimita 60. Mafundi wengi humwaga zege la mita moja wakaona kazi imekwisha, na kinachotokea ni mwinuko kama paa la makuti. Mwinuko huo hupandiki bila kusukumwa, na wakati wa kushuka unaweza kupinduka kifudifudi.

Choo ndicho kinachotuumiza zaidi, na ndicho watu wanachoona haya kukiuliza. Uliza bila haya. Choo cha kuchuchumaa hakitufai. Choo cha kukaa nacho, kama mlango unafungukia ndani, kiti kikishaingia mlango haufungiki. Ndani panatakiwa nafasi ya kugeuza kiti, kama mita moja na nusu, na vyuma vya kushikilia vilivyokazwa ukutani vikakazika. Kisha uliza ufunguo anao nani, maana choo chetu mara nyingi ndicho stoo ya mifagio na ndoo. Waambie wakutumie picha kwa simu.

Nalisisitiza hili kwa sababu wenzangu wengi wakijua hakuna choo huacha kunywa maji tangu asubuhi. Kwa joto la kaskazi hiyo ni hatari, hasa kwa aliyeumia uti wa mgongo sehemu za juu: mwili wake hautoi jasho vizuri, joto hubaki ndani. Mtu huyo anahitaji kivuli, maji na kitambaa kibichi.

Nje, angalia njia kutoka tuktuk inapokushusha. Mchanga na kokoto humaliza mikono kabla mchezo haujaanza. Asiyeona aulize mitaro isiyofunikwa na matawi yaliyoinama usawa wa uso. Asiyesikia akubaliane na kocha kuhusu bendera au ishara ya mkono, kwani filimbi haimfikii.

Wasimamizi, nanyi msikie. Kifungu cha 54 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mwenye ulemavu haki ya kufika kila mahali ipasavyo. Kama pesa za ukarabati hazijapatikana, anzeni na voliboli ya kuketi: mnahitaji sakafu laini na wavu wa mita 1.15 kwa wanaume, 1.05 kwa wanawake. Na mifagio mnaweza kuitoa chooni leo.

Wewe ukienda kulalamika, nenda na vipimo ulivyoviandika mwenyewe: upana wa mlango, kimo cha ngazi, urefu wa mteremko. Andika tarehe, nakala moja ubaki nayo. Wasipokujibu, peleka nakala kwa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu.