Jibu: Je, Luger ya mwaka 1917 ipigwe msasa na kutiwa rangi upya?

Ndugu, umeuliza kama bastola ya Kijerumani aina ya Luger P08 uliyorithi, yenye mwaka 1917 juu ya chemba (sehemu risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa), isuguliwe kutu kwa msasa na kutiwa rangi upya. Ushauri wangu ni kwamba msasa usiuguse kabisa. Kwanza chomoa magazini (kasha la risasi), vuta nyuma kile kiungo kinachokunjika kama goti, na uhakikishe kwa macho na kwa kidole kwamba chemba ni tupu. Kibali cha kumiliki silaha nadhani unacho.

Watengenezaji wa Kijerumani waligonga tarakimu mbili za mwisho za namba ya bastola kwenye vipande vidogo vingi, na msasa ukizififisha, mnunuzi makini hatakuwa na njia ya kujua kama vipande hivyo ni vya asili. Rangi nayo haiigiki kwa urahisi, kwa sababu wakati ule chuma kiliachwa kishike kutu taratibu, kikachemshwa na kupigwa brashi mara kadhaa, ilhali kifyatulio na wenzo wa usalama vilipashwa moto hadi vikawa na rangi ya majani makavu. Mimi niliwahi kuchovya wenzo mmoja kwenye dawa ya kisasa. Ulitoka mweusi tii, na bado najuta.

Paka mafuta mepesi penye kutu, uache siku mbili, kisha ukwangue polepole kwa ukingo wa kipande cha shaba, ambayo ni laini kuliko chuma cha bastola. Vibao vya mpini vifute kwa kitambaa kikavu tu.